Kwenye laptop inang'aa, ikiprintiwa ni giza

SWALI: Mambo vipi mhariri, napiga picha za harusi na sendofu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nikiediti kwenye laptop picha iko poa kabisa, nikipeleka studio kuprinti inarudi imefifia, shela jeupe la bi harusi limekuwa kijivu utadhani limekaa jikoni kwenye moshi. Wateja wananigomea. Kosa langu au mashine?

JIBU: Pole kaka, mara nyingi ni skrini yako hiyo. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inategemea mwanga wa chumbani, sasa we umeweka braitnesi mwisho, unaona picha iko sawa kumbe ni giza. Kaa mchana karibu na dirisha, shika karatasi nyeupe pembeni ya skrini, shusha mwanga mpaka vifanane, halafu ndo uediti. Ukisevu, kwenye mpangilio wa rangi (color space) chagua sRGB ambao ndo wa kawaida, maana ule mwingine wa Adobe RGB kwenye mashine nyingi za studio rangi zinapauka. Waambie pia wazime ile otomatiki ya kurekebisha rangi, hiyo inaharibu sana. Ila ile kijani kali ya mashamba ya chai Tukuyu usitegemee itoke yote, wino una kikomo chake. Na kabla ya albamu nzima toa picha moja ya inchi 4x6, iangalie kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha, sio chini ya taa ya njano.