Coaster ya dizeli iliyolala miaka miwili

Kaka, hiyo Coaster yenye injini ya 1HZ (dizeli ya Toyota) uliyoigeuza nyumba, kama imelala Dodoma miaka miwili usikimbilie kuipiga starta. Fungua nati ya chini ya tanki, kinga dizeli kwenye chupa angavu uiache itulie: maji yatakaa chini. Ukiona ute mweusi wa vijidudu vya dizeli, osha tanki zima, la sivyo filta mpya itaziba tena. Kisha badilisha filta, bonyeza pampu ya mkono ya filta hadi iwe ngumu, ili hewa itoke. Oili mwaga hata kama kilomita hazijasogea. Mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu zifuatane na pistoni) ndio wa kuogopa: hujui ulibadilishwa lini? Weka mpya, ukikatika valvu zinagonga pistoni. Tairi soma ubavuni: 2318 maana yake imetengenezwa wiki ya 23, 2018. Jua letu huzipasua tairi hata kashata (meno yake) zikiwa bado nzima.