Picha ya kichwa ikisemwa safi, uliza ilikuwa ya aina gani

Mdogo wangu alianguka kifafa akiwa na miaka 24, mtu ambaye hata malaria ilimpata kwa nadra. Hospitali ya kwanza wakampiga CT ya kichwa, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, wakasema ni safi. Shangazi akaanza kuulizia mganga. Mimi nikaitupa bahasha ya picha juu ya kabati, nikaona yamekwisha.

Miezi minne baadaye akaanguka tena. Safari hii akapigwa MRI, picha ya sumaku, na daktari wa mionzi akatuonyesha kwa ncha ya kalamu vitu vyeusi vimejiviringisha kama minyoo. Damu inapita pale kwa kasi, akasema, ndiyo maana inatoka nyeusi kwenye picha. Ateri zimeungana na vena moja kwa moja, bila vile vimishipa vyembamba vya katikati. Wenyewe wanaliita fundo hilo AVM.

Kumbe CT ya kwanza ilipigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa. Hiyo ni hodari wa kuonyesha damu iliyovuja. Isipovuja, fundo dogo linaweza kupita hivihivi. Kwa hiyo uliza: imepigwa kwa dawa au bila dawa? Ikiwa ni kwa dawa, taja mapema mzio, matatizo ya figo, na dawa ya metformin kama mgonjwa ana kisukari.

Kilichobaki kilikuwa angiografia, kipimo cha mishipa ya damu alichokianzisha daktari Mreno Egas Moniz huko Lisbon mwaka 1927. Mrija unaingizwa kinenani, unapandishwa hadi shingoni, dawa inamwagwa na picha zinapigwa mfululizo. Hapo ndipo inajulikana ateri ipi inalisha fundo na vena ipi inalitoa damu, na daktari wa upasuaji hawezi kupanga kazi bila hayo. Ndugu yangu alisikia joto la ghafla usoni, basi. Kilichomkera ni kulala chali saa kadhaa mguu umenyooka, na kukojoa kwenye chupa mbele ya mama.

Usidhani angiografia ndiyo mwisho wa maneno, lakini. Kavernoma, kishada cha vimishipa vilivyotanuka, mara nyingi haionekani humo, MRI ndiyo huikamata. Na damu iliyovilia inaweza kulibana fundo likajificha, ndiyo maana wengine huitwa tena baada ya wiki kadhaa. Ukiitwa, nenda.

Daktari wa upasuaji aliitaka picha ya kwanza pia. Karatasi ya majibu aliisukuma kando. Nikapanda kwenye kiti, nikaishusha ile bahasha, mende wameshatafuna pembe yake.