Kumsema msanii "kwa vile ni picha tu", ni ghiba au si ghiba?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mie ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Unguja, kwetu Wete, nasoma mambo ya habari. Muhula huu tumesomeshwa kuwa nyota wa muziki si mtu khasa, ni picha inotengenezwa na lebo na mameneja na magazeti, mtu mwenyewe wa ndani hatumjui. Sasa sie dahaliani kila usiku tukishakula kuna msanii mmoja wa bara ndo mazungumzo yetu, mara kaachwa, mara ile mimba si ya mumewe, mara gari si lake la kukodi. Mwenzetu mmoja akasema hii wala si ghiba kwa vile tunaemsema si mtu, ni picha, sawasawa na kuisema katuni. Nilinyamaza lakini moyo haujatulia, na mie mwenyewe nshawahi kumwandikia komenti mbaya. Naomba jibu sheikh, na pia kama kulisoma somo hili kuna ubaya.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu. Nianze na la mwisho maana ndo jepesi: somo lisome, tena ufaulu vizuri, hakuna ubaya kujua vitu vinavotengenezwa. Na muziki wenyewe upi unafaa na upi haufai nshalizungumza sana kwenye darsa, sitolirudia hapa kwa sababu silo uliloniuliza.

Hilo somo lenu mie nalijua kidogo, nilikaa na kijana wangu akinisomea daftari lake na nikalipenda. Kuna Mwingereza, Richard Dyer, mwaka 1979 aliandika juu ya nyota wa filamu, halafu walimu wakayachukua maneno yake wakayatia kwenye muziki. Anasema nyota hujengwa, kama nyumba ya Mji Mkongwe inavojengwa kwa mawe na chokaa na boriti: tangazo, mahojiano, video, udaku wa gazetini, maneno ya wachambuzi, vyote vikiwekwa pamoja ndo unampata huyo unaemuona. Na lazima aonekane mtu wa kawaida kama wewe, na wakati huohuo asiwe wa kawaida hata kidogo. Ndo ukamuona leo anashuka kwenye gari ya mamilioni shingo imejaa dhahabu, kesho yuko jikoni kwa mamake kajifunga kanga anakuna nazi, kakaa mbuzi kama hajapata kutoka nje ya mtaa, na ukitazama vizuri ile nazi haijakunwa hata nusu, kifuu kizima, kilichotakiwa ni picha. Na kabla ya hapo, 1956, Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, walishasema kuwa mtu wa redioni na wa kwenye televisheni humfanya msikilizaji ajione ni rafiki yake, urafiki wa upande mmoja. Nyie mnajua anapenda chakula gani na anamwita nani mpenzi, yeye hajui kama kuna dahalia Unguja inakesha kwa ajili yake.

Yote hayo nayakubali. Allah katwambia katika Suratul Hadid, aya ya 20, kuwa maisha ya dunia ni mchezo na pumbao na pambo na kujifakharisha baina yenu. Na mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama kuna ubaya ajionyeshe kwa mke mwenzake kuwa kapewa na mume kitu ambacho hakupewa, akamjibu kuwa mwenye kujishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Bukhari na Muslim wameipokea. Ile gari ya kukodi mnayoisema iko humo, nguo mbili za uongo, na anaefanya hivo ana hesabu yake na Mola wake.

Lakini mwenzenu kakosea, na kakosea pakubwa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ghiba ni nini alisema ni kumtaja nduguyo kwa analolichukia. Wakauliza, je kama hilo analo? Akasema likiwa analo ndo umemsengenya, na likiwa hana basi umemzulia. Hii iko kwa Muslim. Sasa lichukue somo lenu uliweke juu ya hadithi hii. Ikiwa picha imetengenezwa, maana yake mnachokijua juu ya mtu mwenyewe kimepungua, hakikuongezeka. Mnasema kaachwa, hamjui kama kaachwa kweli au ni kiki ya nyimbo inotoka Ijumaa. Ikiwa kweli, mmesengenya. Ikiwa si kweli, mmezua, na kuzua ni kuzito zaidi kuliko kusengenya. Kwa hivo somo halikukupunguzieni kitu, limekuongezeeni mzigo, kwa vile zamani mngeweza kusema tulidhani tunaona kweli, sasa mmeshasomeshwa kuwa hamuoni.

Utasema, sheikh, kajizulia mwenyewe. Inawezekana kajizulia, inawezekana meneja ndo kamzulia na yeye analia chumbani, hujui ni lipi, na Allah kasema wala usifuate usilo na ujuzi nalo, Suratul Israa aya ya 36. Najua pia kuna wanaoshika maneno ya Imam Nawawi, kwamba ziko hali sita ambazo kumtaja mtu kunaruhusika, na moja ni ya mwenye kufanya uovu wake dhahiri. Sawa, lakini soma mpaka mwisho, anatajwa kwa lile alilolidhihirisha tu, mengine yote yamebaki haramu. Mimba yake hajaidhihirisha ni ya nani, mmeidhihirisha nyie.

Walikuwepo vijana wawili wakiitwa Milli Vanilli, Rob Pilatus na Fab Morvan. Walipewa tuzo ya Grammy mwaka 1990, na mwaka huohuo wakanyang'anywa ilipojulikana kuwa sauti zilizomo kwenye santuri si zao, mtayarishaji Frank Farian alitumia waimbaji wengine, wao walichukuliwa kwa sura na nywele na kucheza. Picha tupu, hakuna mfano ulio wazi kuliko huo. Dunia nzima ikawacheka. Rob akafa 1998, kijana bado, baada ya miaka ya ulevi na dhiki. Ile picha ilikuwa ya uongo, aliekufa ni mtu.

Na sie wa hapa pia hatumo nje. Siti binti Saad, bint wa Fumba, mfinyanzi na muuza vyungu, mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri na sauti yake ikasikika pwani yote kwa watu ambao sura yake hawajapata kuiona. Hapahapa mjini wakamtungia wimbo wa kumdharau, kwamba kaja na kaniki, kama si sauti angekula nini. Waliouimba walikuwa na Siti wa kwenye santuri akilini, lakini maneno hayakwenda kwenye santuri, yalikwenda kwa mwanamke aliekuwa akitoka nyumbani kwake asubuhi na kukutana na watu haohao njiani.

Basi mwanangu, mwenzenu akirudia ile ya "ni picha tu", mwambie sawa, tuizungumze picha. Nani kaipiga, nani kamvisha, pesa anakula nani, kwa nini wiki ya kutoa nyimbo ndo ghafla anakuna nazi. Zungumzeni hayo mpaka alfajiri, ndo somo lenu lenyewe na hamna ghiba humo. Mkifika kwenye tumbo lake na ndoa yake mshatoka kwenye picha, hapo geuza mazungumzo, na wakikataa kugeuka chukua mto wako ukalale.

Ile komenti ifute leo, usingoje kesho, na usiweke nyingine ya kujieleza maana itawarudisha watu kuitafuta ile ya kwanza. Tubu kwa Mola wako na weka nia ya kutorudia. Kumfikia umuombe radhi huwezi, na wanavyuoni wengi wamesema asiefikika anaombewa dua na msamaha, kisha unamtaja kwa wema palepale ulipomtaja kwa ubaya. Kwa hivo usiku wa leo mkishakula, wakimtaja, tafuta jambo lake moja la kheri unalolijua kwa yakini uliseme mbele ya wenzako. Kama hulijui hata moja, muombee dua kimoyomoyo, itatosha inshaallah. Wallahu aalam.