Fundi, barua taka zanifukuzia wageni

SWALI: Assalaam alaykum, mwanangu Fundi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne hapa Mji Mkongwe. Anwani yangu ya Gmail ninayo tangu 2011. Imechorwa kwenye kibao cha mlangoni na imo kwenye tovuti aliyonitengenezea mpwa wangu. Sasa kila siku zinaingia barua sitini, sabini: mikopo, dawa za kupunguza tumbo, viatu, bahati nasibu ambazo sikucheza. Kila usiku baada ya Isha nakaa nafuta moja moja hadi kidole gumba kinauma. Kila nikiona neno la kujiondoa nalibonyeza, na naona ndiyo kwanza zinazidi. Wiki iliyopita mgeni wangu wa zamani wa Italia kanipigia simu: kaandika mara mbili, anajibiwa sanduku limejaa. Nifungue anwani mpya?
— Mama wa Vyumba Vinne, Unguja

JIBU: Waalaykumu ssalaam, na shikamoo mama. Anwani usibadilishe. Wageni wa miaka yote hiyo wanaijua, na mpya nayo itachafuka vilevile.

Kuhusu sanduku kujaa, hapo unamsingizia asiyehusika. Nafasi ya bure ni GB 15, na humo zinabanana barua, mafaili ya Drive na picha za simu zinazohifadhiwa Google. Tangazo la viatu ni jepesi kama karatasi ya karanga. Wanaojaza ni wenye mizigo: video za arusi, picha za pasipoti, makadirio ya fundi bomba yaliyopigwa picha kurasa kumi. Kwenye sehemu ya kutafutia andika larger:10M, zitajipanga zote zenye uzito wa MB 10 kwenda juu. Mteja wangu mmoja wa Darajani alikutwa na barua arobaini na mbili za namna hiyo. Zilikuwa zimekalia zaidi ya nusu GB. Futa usizozihitaji, kisha umwage na pipa lenyewe, la sivyo zitakaa humo siku 30 na bado zinahesabiwa.

Sasa taka zenyewe. Kufuta tu hakuifundishi Gmail kitu. Ripoti kuwa ni taka, nayo Gmail itaanza kuzitambua nyingine za namna hiyo.

Na hilo neno la kujiondoa, mama, si la kubonyeza kila mahali. Duka au shirika la ndege ulilolipatia anwani mwenyewe, jiondoe bila wasiwasi, tena kwa kitufe cha Gmail kilicho juu karibu na jina la mtumaji. Tangu 2024 Google inawataka wanaotuma matangazo zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye Gmail waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Lakini yule wa bahati nasibu hukumwita. Ukibonyeza kiungo chake, umempigia hodi kumwambia nyumba ina mtu. Mimi nilifanya hivyo nilipokuwa na kibanda cha intaneti. Nilipata barua za urithi wa majenerali hadi nikayazoea majina yao. Huyo ripoti, usimjibu hata kwa matusi. Zima pia picha kujifungua zenyewe kwenye mipangilio, kwani nyingine huwa na kidoa kisichoonekana kinachompasha mtumaji kwamba barua imesomwa.

Mpwa wako naye ana lake. Kuna programu zinazozurura kwenye tovuti zikiokota chochote chenye alama ya @. Aitoe anwani pale, aweke fomu ya maulizo. Kibao cha mlangoni kiache. Programu hazipiti vichochoroni.

Ukilazimika kujisajili mahali, ongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya @, mfano vyumbavinne+ndege. Barua zitafika kwako vilevile, ila utajua zimepitia wapi. Niliacha anwani yenye +viatu kwenye duka moja la mtandaoni. Miezi sita baadaye watu wa mikopo wakaniandikia kwa +viatu hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kumzuia mtu kutumia taarifa zako kukutangazia biashara, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume yake. Kwa jambazi aliye ng'ambo, lakini, kitufe cha kuripoti ndicho cha haraka.

La mwisho ni la leo hii. Fungua folda ya Taka (Spam) uipitie taratibu. Barua za humo hufutika zenyewe baada ya siku 30, na wageni wanaoandika mara ya kwanza huweza kutupwa humo kwa makosa. Ukimkuta mtu anauliza chumba cha Julai, iambie Gmail kwamba huyu si taka, kisha umjibu. Na yule Mtaliano usimsubiri aandike mara ya tatu, muandikie wewe.