Jirani anasema faiba, shemeji anasema dishi, nimsikilize nani?

SWALI: Mambo vipi. Mi natumia ile rauta ya kuweka laini ya simu, asubuhi iko freshi kabisa ila ikifika saa mbili usiku video inazunguka tu. Jirani ananiambia nivute faiba, shemeji anang'ang'ania dishi la setilaiti. Tofauti yao nini hasa?

JIBU: Poa. Rauta yako inashika mnara uleule unaohudumia simu za mtaa mzima, sasa usiku watu wakisharudi makwao kila mtu yuko mtandaoni na uwezo wa mnara mnagawana, hapo hata ununue rauta kali kiasi gani hutaona tofauti kubwa. Isogeze dirishani upande wa mnara, angalau utapata nafuu.

Faiba ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, data inapita humo kama mwanga hadi kwenye kiboksi cha ukutani kinachogeuza mwanga kuwa umeme, ndo inaingia kwenye rauta. Na huko pia mnagawana, msidanganyike, laini moja yenye spidi ya gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde inaweza kuhudumia nyumba 32 au 64, ila kwa matumizi ya kawaida si rahisi mkaimaliza.

Dishi sasa, inategemea. Setilaiti za zamani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwenda na kurudi tu inakula kama nusu sekunde, kwa hiyo filamu utaangalia vizuri lakini ukipiga simu ya video mtakuwa mnakatizana maneno. Setilaiti mpya za huduma ya Starlink ziko chini, kama kilomita 550, huko hilo tatizo halisumbui. Ila dishi linataka anga wazi, mti ukiziba tu inakatakata, na mvua kubwa nayo inasumbua.

Kuna na DSL, yaani intaneti ya waya wa simu ya mezani, hiyo kadiri ulivyo mbali na mitambo ya kampuni ya simu ndo spidi inavyoshuka.

Kabla hujatoa hela, usiku huohuo chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya upime spidi. Ikiwa nzuri kwa waya na mbovu kwa waifai, basi mnara unausingizia, ni kuta za nyumba yako. Ikiwa mbovu kote na faiba ishafika kwenye nguzo ya karibu, msikilize jirani. Shemeji tutamrudia kama faiba haijafika kwenu.