Maswali ya Muziki: "Ati mpiga dramu hatungi nyimbo"

SWALI: Salaam ami, mimi ni kijana wa Likoni, napiga dramu mwaka wa sita huu, nlianza kanisani halafu nikaingia bendi ya hoteli huku Diani, jioni tunapiga za watalii, rumba, rege kidogo, na chakacha wageni wakitaka kucheza. Kiongozi wetu anasema mpiga dramu achague mtindo mmoja akomae nao, ati mimi nagusagusa kila kitu ndo maana sina jina. Tena nimeanza kujifunza kibodi usiku na nshatunga nyimbo zangu nne, nilipomwonyesha akacheka, akasema dramu kazi yake kushika taimu, haitungi nyimbo. Niache? Halafu kuna mzee alinitajia Jack DeJohnette nikamtafuta kwa simu nikasikiza nikachanganyikiwa, kila rekodi ni kama mtu mwengine. Huyu ni nani haswa?
Mpiga dramu, Likoni

JIBU: Usiache, mwanangu. Nasema hilo kwanza kabla ya mengine manake barua yako nimeisoma mara mbili na imeniuma.

Huyo mzee amekufanyia hisani kubwa, na huko kuchanganyikiwa kwako ndiko jibu liliko. DeJohnette alikuwa mpiga dramu wa jazi wa Marekani, alizaliwa Chicago mwaka 1942 na hakuanza na dramu, alianza na piano, akiwa mtoto mdogo kabisa. Dramu zilimjia baadaye ujanani, na hapo Chicago akawa anafanya kazi kwa vyote viwili, leo ameitwa kwa vidole, kesho ameitwa kwa fimbo. Alikuwa karibu na kina Muhal Richard Abrams na Roscoe Mitchell, watu waliokuwa wakiutafuta muziki nje ya kila mpaka, na John Coltrane, gwiji wa saksofoni, alipopita Chicago na bendi yake, DeJohnette aliwahi kupanda jukwaani akampigia dramu. Kijana wa rika lako hivi.

Katikati ya miaka ya 60 akahamia New York, mwaka 1966 yuko na Charles Lloyd, mpiga saksofoni, na kwenye piano kuna kijana mwengine anaitwa Keith Jarrett. Bendi hiyo ilikuwa ya jazi lakini ilipiga mbele ya vijana wa roki kule San Francisco na wakaipenda, na mwaka 1967 ikafika hadi Umoja wa Kisovieti, ikapiga Tallinn.

Sasa hapa nataka tukae kidogo. Juni 1968 DeJohnette yuko Montreux, Uswisi, na Bill Evans. Evans ni piano ya kunong'ona, yaani mpiga dramu ukikohoa umeharibu wimbo, na DeJohnette anamfuata taratibu, unamsikia anavyomwachia nafasi mwenye piano na Eddie Gomez kwenye besi. Rekodi ya usiku ule ikapata tuzo ya Grammy. Mwaka unaofuata tu, Agosti 1969, huyo huyo yuko studio New York na Miles Davis, mpiga tarumbeta, wanarekodi albamu ya Bitches Brew, kuna piano za umeme, gitaa la umeme, besi mbili, dramu seti mbili kwa pamoja, moja yake na moja ya Lenny White, na juu yake wapiga ngoma wengine, moto mtupu! Agosti 1970 anapiga na Miles kwenye tamasha la kisiwa cha Wight kule Uingereza, umati wa malaki ya watu. Kutoka mnong'ono hadi radi haikuchukua hata miaka mitatu na mikono ni ile ile. Mie nilipozisikiza rekodi hizo mbili zikifuatana kwa mara ya kwanza nilinyamaza kimya chumbani, sikuwa na la kusema.

Aliwezaje? Nnavyoamini mimi ni ile piano. Mtu aliyeanza na piano akikaa kwenye dramu hasikii hesabu ya moja mbili tatu nne peke yake, anausikia wimbo mzima, anajua chodi inageuka wapi, anajua mwimbaji anaelekea wapi kabla hajafika, kwa hivyo simbali yake, ile sahani ya shaba, inaongea na wenzake badala ya kuwapigia saa. Hili wewe wa Pwani lisikushangaze. Umeshasimama karibu na chakacha ya harusini, ukasikiliza msondo na chapuo na vumi? Kuna ngoma inayoshika na kuna ngoma inayosema, na kina mama wakicheza wanajibu ile inayosema. Ile mapigo sita ya chakacha unayopigia watalii kila Jumamosi ukiona ni kazi ya hotelini tu, wapo wapiga jazi wakubwa wangekaa chini wakuombe uwafundishe. Bendi ya Them Mushrooms walitoka hapa hapa Mombasa wakaichukua chakacha wakaitia magitaa na dramu, kwa hivyo njia imeshakanyagwa.

Kuhusu kutunga, hapo kiongozi wako amekosea, na nasema hivyo kwa heshima zote manake yeye ndiye anayekupa kazi. DeJohnette alitunga maisha yake yote. Mwaka 1979 aliunda bendi yake ikaitwa Special Edition, mbele saksofoni mbili, David Murray na Arthur Blythe, mpiga piano wa kudumu hakuna, piano ikitakiwa anaipiga mwenyewe, melodika, kile kibodi kidogo cha kupuliza, anapuliza mwenyewe. Mle mna nyimbo zake kama One for Eric, aliyomtungia Eric Dolphy, mpiga saksofoni, na Zoot Suite. Baadaye akatunga Ahmad the Terrible kwa heshima ya Ahmad Jamal, mpiga piano. Ona hapo, mpiga dramu anamtungia wimbo mpiga piano! Mwaka 1985 akatoa albamu nzima akiwa kwenye piano. Amepiga na Foday Musa Suso, bingwa wa kora, kinubi cha Afrika Magharibi, kutoka Gambia. Halafu kuna Peace Time, muziki wa utulivu wa kama saa nzima bila kukatika, huo ulimpa Grammy mwaka 2009, na hauna vurugu hata chembe.

Lakini kiongozi wako ana neno moja la kweli na usilitupe. Kugusagusa kupo. Kugusagusa ni kujua rege ya dakika mbili na rumba ya dakika mbili na zote ziko juu juu. DeJohnette hakufanya hivyo, kila alipoingia alikaa. Mwaka 1983 yeye na Jarrett na Gary Peacock wa besi waliingia studio New York siku chache wakapiga zaidi nyimbo za zamani za watu wengine, zikatoka albamu tatu, na ile bendi ya watu watatu ikaishi hadi 2014. Zaidi ya miaka 30 anazirudia nyimbo zile zile na kila mara anakuta mlango mpya. Yeye mwenye nyimbo zake chungu nzima alikubali kukaa nyuma kwa miaka hiyo yote akizitumikia za wengine, na sikioni mwangu hapo ndipo alipokuwa mtamu kuliko kote.

Basi fanya hivi. Kibodi endelea nayo kila usiku hata nusu saa. Chagua wimbo mmoja katika ile minne, upige kwa dramu peke yake, bila kuimba, bila kibodi, uurekodi kwa simu, halafu mpe yule mwenzenu wa besi asikilize. Asipoweza kuufuata rudi uutengeneze, akiweza kuunong'ona ule wimbo, mwombe mbaki nyuma kidogo baada ya mazoezi muupige wawili nyinyi. Kiongozi msimwambie kitu, atausikia mwenyewe.

DeJohnette alifariki Oktoba 2025 kule jimbo la New York, akiwa na miaka 83. Mpe huyo mzee salamu zangu, mwambie yuko mtu mwengine Mombasa anayemlilia.

SWALI: Mimi si mwanamuziki, ni msikilizaji tu, lakini jazi naona ngumu. Nikitaka kumsikiliza mpiga dramu vizuri nianzie wapi?
Msomaji, Tudor

JIBU: Anza na yale ya utulivu, dada ama kaka yangu, yaani zile albamu za Standards za Jarrett na DeJohnette za 1983 nilizozitaja juu, usiku watoto wakishalala. Sikiliza wimbo mmoja mara tatu, mara ya tatu sahau piano kabisa, fuata simbali peke yake. Ukishazoea nenda kwa Special Edition. Bitches Brew iache mwisho, na ukiiweka usiiweke ukiwa jikoni unakaanga, utaizima.

SWALI: Ami, mwanangu wa miaka tisa anapiga masufuria kutwa, majirani wa ghorofa ya chini wameshanigongea mlango mara mbili. Nimnyang'anye? Seti ya dramu siwezi kununua na nafasi pia sina.
Mama, Kisauni

JIBU: Usimnyang'anye mama, mbadilishie. Kata kipande cha mpira wa tairi kuukuu, ukigandishe juu ya kibao, hiyo ndo dramu yake ya kwanza na sauti yake haivuki mlango. Fimbo za kweli si ghali, mnunulie jozi moja, mkono uzoee uzito wake mapema. Mpangie saa, tuseme baada ya alasiri hadi magharibi, na jirani umwambie hizo saa mwenyewe kabla hajapanda ngazi. Na kama kuna jamaa au jirani mwenye kinanda hata kibovu, mpeleke huko Jumamosi akichezee.