Babu wa Mjerumani, medali ya Mwingereza

SWALI: Mzee wa makumbusho, shikamoo. Baba mdogo amefariki, na kwenye sanduku lake tumekuta medali ya shaba, ya duara, ina mtu mwenye mabawa kama malaika. Nyuma kuna Kiingereza na miaka 1914-1919. Ukingoni kuna namba, jina la babu, kisha 6 na K.A.R. Sasa wazee wote wanasema babu alikuwa askari wa Mjerumani! Ndugu mmoja anataka iuzwe, mimi nasema iende makumbusho, na shangazi ameshaanza kuisugua kwa majivu na ndimu. Tufanyeje?
Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na msiba. Kwanza kabisa kamnyang'anye shangazi hiyo ndimu. Herufi za ukingoni zimegongwa juujuu tu, na majivu huzila. Medali za Ushindi kama hiyo, za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walitoa zaidi ya milioni 5; jina likifutika, mnabaki na kipande cha shaba kisicho na mwenyewe. Huo weusi uacheni, ndio unaoilinda.

Wazee wenu hawajakosea. Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na askari wengi wa Mjerumani wakaangukia mikononi mwa adui zao. Mwaka 1917 Waingereza waliiunda upya Batalioni ya 6 ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika), na waliojazwa humo ni hao hao waliokuwa wakimpigania Mjerumani. Ile 6 mliyoiona inaelekea huko. Babu yenu, kwa dalili zote, alipigana pande zote mbili za vita moja. Maneno ya nyuma yanasema ilikuwa vita kuu kwa ajili ya ustaarabu. Ustaarabu gani, wangeulizwa wapagazi waliofia njiani.

Pekueni tena hilo sanduku. Medali hii haikutolewa peke yake; lazima alipewa na nyingine ya fedha, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano mbele na mpanda farasi nyuma. Msipoiona msilaumiane. Fedha ni fedha, nyingi ziliishia kwa sonara.

Kuuza sikushauri. Wanunuzi wapo, lakini habari za babu haziendi na bei. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuanzia. Piga picha mbele, nyuma na ukingoni kabla haijatoka nyumbani. Ikipokelewa, dai hati ya makabidhiano na namba iliyoandikiwa daftarini. Usitegemee kuikuta kwenye kabati la kioo Jumapili ijayo: vitu vingi hukaa stoo, na kwa utepe ule wa rangi za upinde wa mvua giza ni afadhali, maana mwanga huupausha. Hata ukichakaa, msishone mwingine.

Ila mkienda na medali mkononi tu, mtakuwa mmepeleka nusu. Andikeni wazee wanavyosimulia, nani kasema nini, hata panapogongana. Hilo la Mjerumani liandikwe kama lilivyo, msilinyooshe ili lifanane na medali. Huyo ndugu wa kuuza naye mkalishe chini aandike. Huenda ndiye aliyewahi kusikia babu alikamatiwa wapi.